Data zisizolingana, zisizo na usawa, au zilizoelemea?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika ikisiri ya tasnifu yangu ya ujifunzaji wa mashine. Nimeandika: "Utafiti huu unahusu kutambua nyuso katika video za kamera za ulinzi kwa data zisizolingana." Msimamizi amekata "zisizolingana" akaandika "zisizo na usawa". Mwenzangu anasema ni mamoja. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Si mamoja, na katika sentensi hii mimi ningeyaacha yote mawili.

Mhasibu akisema hesabu hazilingani, ana maana daftari linasema hivi na fedha mkononi zinasema vile. Kuna kosa la kutafutwa. Msomaji wa ikisiri yako atadhani picha unazoifunzia mashine zinapingana, labda jina la Asha limebandikwa kwenye sura ya Zuhura. Sivyo unavyokusudia. Picha hazina ugomvi, kinachopishana ni idadi. Mfanyakazi anayepita mlangoni kila asubuhi ana maelfu ya picha kwenye kamera, mgeni aliyekuja mara moja ana chache tu za kando, tena zenye ukungu.

Hata nje ya video hali ndiyo hiyo. Mkusanyo wa Labeled Faces in the Wild, uliotolewa na Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 2007, una picha 13,233 za watu 5,749, nyingi kutoka kwenye habari. George W. Bush peke yake ana 530, huku watu 4,069 wakiwa na picha moja moja. Data hizo zimeelemea, kama jahazi lililopakiwa shehena ubavu mmoja. Basi andika "data zilizoelemea upande mmoja". Ukiipenda sana "-lingana", ipe mtenda wake halisi: "makundi yasiyolingana kwa idadi". Hapo sina neno.

Neno la msimamizi wako lina mzigo mwingine. Usawa tunausikia zaidi penye haki: usawa wa kijinsia, usawa mbele ya sheria. Linakaa vizuri kwenye matokeo kuliko kwenye data. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha vipimo vya programu za kampuni tatu zilizokuwa zikibaini jinsia ya mtu kwa kuangalia uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7. Huo ndio ukosefu wa usawa. Tena unaweza kusawazisha idadi ya picha za kila kundi na usawa usipatikane, ikiwa kamera yenyewe inazitia giza nyuso nyeusi. Ukilimaliza neno hili kwenye ikisiri, sura ya matokeo utaiandika kwa lipi?

Hukuuliza kuhusu "usahihi", lakini najua litakuja. Tuseme watu 10,000 wamepita mbele ya kamera, na 10 kati yao wanatafutwa. Programu inayosema "huyu hatafutwi" kwa kila apitaye itakuwa na usahihi wa asilimia 99.9, na haijamnasa hata mmoja! Kwa hiyo usiliache neno hilo peke yake. Eleza kati ya wanaotafutwa imewapata wangapi, na kati ya iliowanyooshea kidole, wangapi ndio wenyewe. Ni maneno mengi, lakini hayadanganyi.

"Kutambua nyuso" nako kuna utata. Mashine kwanza hubaini kwamba pana uso kwenye picha, ndipo imtambue mwenye uso huo. Kama kazi yako ni hiyo ya pili, sema "kutambua watu kwa nyuso zao".

Data hii au data hizi? Zote zimeshazoeleka. Umeanza na wingi, nenda nao hadi mwisho:

"Utafiti huu unahusu kutambua watu kwa nyuso zao katika video za kamera za ulinzi, pale data zinapokuwa zimeelemea upande mmoja."