Maswali na majibu: paka aliyekatwa mkia

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja. Mmoja paka wake kabanwa na geti, mwingine kakanyagwa na pikipiki, mwingine kaumwa na mbwa, na wote wameishia kwenye meza ya upasuaji. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa na mwenzake.

Habari daktari. Paka wetu dume alibanwa mkia na geti la chuma, sehemu ya chini ikawa nyeusi na baridi. Jana amekatwa, kimebaki kigutu cha kama vidole vinne, kina nyuzi saba. Tumtunzeje nyumbani? — Msomaji, Tanga

Mlifanya vizuri kutokungoja. Mkia uliokufa haurudi, na ukiachwa uozo hupanda kuelekea mgongoni.

Siku ya kwanza dawa ya usingizi bado imo mwilini. Mboni zinaweza kuwa pana na miguu kulegea. Mlazeni sakafuni juu ya blanketi, katika chumba kidogo kisicho na kabati wala dirisha la kupandia. Wekeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, upande mmoja tu, ili joto likizidi aweze kujisogeza. Maji apewe anapoweza kuinua kichwa bila kuyumba. Chakula kiwe robo ya kawaida yake, maana tumbo likijaa usiku huo atatapika.

Kubwa kuliko yote ni kola. Mshono mara nyingi haufunguki wenyewe, unafunguliwa na ulimi. Ulimi wa paka una vijimiba vigumu kama tupa, unaweza kung'oa nyuzi kwa dakika chache. Na mate yake yamejaa bakteria, kwa hiyo yule anayewaambia "mwacheni ajilambe, mate ni dawa" msimsikilize. Avae kola ngumu ya plastiki usiku na mchana mpaka nyuzi zitolewe, yaani siku 10 hadi 14. Ipite pua kwa sentimita 2 au 3, na shingoni vidole viwili viweze kuingia. Mkiikosa dukani, chukueni filamu ya zamani ya eksirei, ioshwe, ikatwe nusu duara yenye tundu la shingo, kisha kingo zizungushiwe plasta ya kitambaa zisimkate. Zile kola laini za sponji hazifai kwa kidonda cha mkia: mgongo wa paka unapinda sana, atakifikia tu. Nguo za kuvalishwa baada ya kuhasiwa nazo haziuzuii ulimi kufika kwenye kigutu. Kwa kuwa kola inagonga sakafu, chakula kiwekwe kwenye kisahani juu ya bakuli lililopinduliwa.

Beseni lake la choo libadilishwe kwa wiki mbili. Punje za mchanga na maranda hunasa kwenye mshono, kwa hiyo tumieni magazeti yaliyochanwa. Ukingo usizidi sentimita 7, asije akaugonga kwa kigutu anapoingia.

Kuhusu kusafisha, mshono mkavu hauhitaji kuguswa. Utazameni asubuhi na jioni, basi. Kukiwa na damu iliyoganda au uchafu wa choo, chemsheni nusu lita ya maji, tieni kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yapoe, mfute taratibu kwa shashi. Msimwogeshe. Msitie spiriti, majivu, mafuta ya taa wala Dettol. Dettol ina fenoli ambazo ini la paka linashindwa kuzivunja, na akijilamba inaunguza mdomo. Dawa ya zambarau nayo huchubua ulimi.

Huko pwani kuna adui mwingine: inzi. Hutaga kwenye kidonda chenye unyevu, na mayai yanaweza kuwa mabuu ndani ya siku moja. Paka akae ndani, dirisha liwe na wavu, au lalio lake lifunikwe na chandarua cha mtoto. Mkiona vitu vyeupe kama chenga za mchele kwenye manyoya, mrudisheni kwa daktari siku hiyohiyo.

Wekundu na uvimbe mdogo siku tatu za mwanzo si tatizo. Tatizo ni uvimbe unaoongezeka baada ya hapo, usaha, harufu, ukingo wa ngozi kugeuka mweusi, au ncha ya mfupa kuonekana. Daktari hukata kwenye kiungo cha pingili mbili na kuacha ngozi ndefu kuliko mfupa, ili ikutane bila kuvutwa. Ngozi ikivutika sana damu haifiki ukingoni, mshono huachia, na hulazimu kutoa pingili moja au mbili zaidi. Hilo hutokea hata kwa mgonjwa aliyetunzwa vizuri.

Dawa ya maumivu tuliyopewa imekwisha na paka bado anajikunyata. Jirani anasema robo ya Panadol haina neno. Nimpe? — Msomaji, Mombasa

Usimpe, hata robo. Paracetamol ni sumu kwa paka. Ini lake halina vimeng'enya vya kutosha kuivunja, na mabaki yake huharibu chembechembe nyekundu za damu zisibebe tena oksijeni. Ufizi hugeuka kahawia au bluu, uso na miguu huvimba, pumzi inamwishia. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumwua paka mzima. Ikiwa alishapewa, usingoje dalili. Mwahishe saa hiyohiyo pamoja na pakiti ya dawa, kwa sababu ipo dawa ya kuipinga sumu hiyo na hufanya kazi ikiwahi. Ibuprofen, diclofenac na aspirini zilizomo nyumbani nazo zikae mbali naye.

Hata dawa za wanyama zina mtego. Meloxicam ya maji ya paka huwa na miligramu 0.5 kwa mililita, ya mbwa ina 1.5. Ukitumia kipimo cha paka kwa chupa ya mbwa umempa mara tatu, na figo ndizo zinazolipa. Rudi kwa daktari aliyempasua umweleze unachokiona: anajikunyata, macho nusu, masikio yamegeukia pembeni, hajilambi. Anaweza kuongeza siku za dawa au kubadilisha.

Tazama pia anakula nini. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili au tatu bila kula ini hujaa mafuta, na ugonjwa huo ni mbaya kuliko kidonda. Mpashie samaki aliyechemshwa bila chumvi mpaka awe vuguvugu, harufu imwamshe. Usimpe mchuzi wenye kitunguu. Zikipita saa 24 hajatia kitu mdomoni, nenda.

Paka wetu jike alikanyagwa mkia na bodaboda. Ulining'inia bila uhai, ukakatwa wote kuanzia shinani. Leo siku ya tano mkojo unamdondoka akilala. Tunashukuru walau anakojoa, ila tumbo limekuwa gumu. — Msomaji, Dodoma

Ndugu yetu, barua yako ndiyo iliyotushtua. Anayedondokwa na mkojo huku tumbo gumu huenda hakojoi. Huenda kibofu kimejaa mpaka kinafurika kama pipa lililoachwa kwenye bomba. Mpeleke leo, usingoje kesho.

Wengi hudhani upasuaji ndio ulioharibu, kumbe gurudumu lilipoukandamiza mkia na paka akachomoka kukimbia, mkia ulivutwa. Mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu na njia ya haja kubwa hutokea mwisho kabisa wa uti wa mgongo, jirani na shina la mkia, nayo huvutwa pamoja, wakati mwingine hukatika. Mkia usio na uhai hukatwa ili uzito wake usiendelee kuivuta, na usiburuzwe kwenye mkojo na kinyesi.

Daktari atakikamua kibofu na kukufundisha. Usijaribu kabla hajakuonyesha kwa mkono wako juu ya wake. Hufanywa mara 3 au 4 kwa siku. Paka asimame juu ya taulo, mkono mmoja umshike kifua, mwingine upite chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, dole gumba upande mmoja na vidole upande wa pili. Kibofu chenye mkojo kiasi utakihisi kama ndimu, kilichojaa sana kama chungwa dogo. Kandamiza polepole ukielekeza nyuma, shikilia hapohapo mpaka mkondo ukatike, pumzika, rudia. Mkojo usipotoka, acha. Nguvu hupasua kibofu. Kwa dume ni hatari zaidi, njia yake ni nyembamba na inaweza kuwa imeziba. Daktari anaweza pia kutoa dawa ya kulegeza mlango wa kibofu.

Andika kila saa uliyomkamua na kiasi kilichotoka, hata kwa kukisia. Mkojo wenye damu au harufu kali kuliko kawaida ni dalili ya maambukizi. Manyoya ya nyuma yapunguzwe, ngozi ioshwe kwa maji ya vuguvugu, ikaushwe, ipakwe Vaseline nyembamba, la sivyo mkojo utamchoma na kulowanisha mshono. Boga lililochemshwa na kupondwa, kijiko kimoja cha chai kwenye chakula, husaidia choo kisikauke. Siku mbili bila choo kikubwa, mwambie daktari.

Matumaini yapo. Ukimgusa au kumfinya kidogo ngozi karibu na shina la mkia akageuka kukutazama, neva bado zinapeleka habari, na paka wa namna hiyo wengi hurudia kukojoa wenyewe. Kupona huonekana zaidi ndani ya wiki nne za mwanzo. Mwezi ukipita bila badiliko lolote, nafasi inakuwa ndogo, na hapo ndipo mnapokaa na daktari kuamua. Siku ya tano ni mapema mno kukata tamaa.

Assalamu alaikum. Paka wetu amezoea kupita juu ya kuta na mapaa. Tangu akatwe mkia, wiki tatu sasa, ameshaanguka mara mbili. Atarudi kuwa kama zamani? — Msomaji, Lamu

Waalaikumu salaam. Mara nyingi hurudi, ila mmemwachia ukuta mapema. Mkia ni uzani wake wa kusawazisha: akiinamia kushoto unakwenda kulia. Anauhitaji hasa kwenye njia nyembamba na anapokata kona kwa kasi. Kujipindua hewani atue kwa miguu ni kazi ya sikio la ndani na mgongo unaopinda, na paka wa Manx, wa kisiwa cha Man kule Ulaya, wengi huzaliwa bila mkia na hupanda vizuri tu.

Mzuieni juu kwa wiki nne hivi, mmfundishe chini. Tafuteni ubao wa upana wa sentimita 20 na urefu wa mita moja na nusu, mlazwe sakafuni, na kipande cha samaki mwisho wake. Akiupita bila kuyumba siku mbili tatu, uinuliwe kwa matofali kama sentimita 10, kisha 30. Halafu leteni ubao wa sentimita 10. Mazoezi ya dakika tano mara mbili kwa siku yanatosha, kabla ya chakula akiwa na njaa. Anapotua kwenye sakafu laini, tandikeni mkeka, asiteleze akakalia kigutu.

Akiwa anayumba hata kwenye sakafu tambarare, au miguu ya nyuma inaburuzwa, hilo si suala la uzani. Ni neva, na daktari amwone.

Nina paka wawili, ndugu wa tumbo moja. Tangu mmoja arudi kukatwa mkia, mwenzake anamfokea na kumkimbia. — Msomaji, Maskati

Anaifokea harufu ya zahanati. Watenganishe wiki moja, kila mmoja na chumba na beseni lake. Mfute mmoja mashavuni kwa kitambaa kikavu, ukitandike anapolala mwenzake, na kinyume chake. Walishwe pande mbili za mlango uliofungwa, siku zikienda ufunguliwe upenyo. Wakishakutana, jua kwamba aliyekatwa hawezi tena kusema "niache" kwa mkia. Tazama masikio yake na mgongo, uingilie mapema.

Paka wetu mkia uliliwa na mbwa wa mtaani, umeshakatwa. Mtoto alikuwa anamsafisha, akakwaruzwa. Kuna neno? — Msomaji, Morogoro

Lipo. Mbwa asiyejulikana anaweza kuwa na kichaa. Mwoshe mtoto mkwaruzo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali leo, akaelezwe kuhusu chanjo. Usingoje kuona kama paka ataugua. Daktari wa mifugo naye aambiwe kwamba jeraha lilitoka kwa mbwa, na paka alichanjwa lini. Kuanzia sasa mtu mzima tu ndiye amhudumie, kwa glavu.

Kigutu kilishapona, miezi miwili sasa. Lakini anageuka ghafla na kukitafuna kama kuna kitu kinamuuma. — Msomaji, Mwanza

Anzeni na viroboto, wanapenda sana shina la mkia. Pitisheni chanuo la meno ya karibu, mdondoshe kinachotoka kwenye karatasi nyeupe iliyolowa: vumbi jeusi likitoa rangi ya damu ni kinyesi cha kiroboto. Tumieni dawa ya paka peke yake. Poda na matone ya mbwa yenye permethrin hutetemesha paka na kumwua.

Viroboto wasipokuwepo, huenda ni neva iliyokatwa imeota kifundo ndani ya kovu, au kipande cha mfupa kimebaki. Dalili yake ni ngozi ya mgongo kucheza, kuruka ghafla, na kukataa kuguswa hapo hata kwa unyoya. Rudisheni kola ili asijichane, mwombe eksirei. Kwa maumivu ya neva madaktari hutumia gabapentin, kwa kipimo cha uzito wake, kwa wiki kadhaa, na haikatishwi ghafla. Ikishindikana hufunguliwa tena, kifundo na pingili moja vitolewe, na siku 14 za kola zianze upya.