Akitoka rumande akiwa ameacha unga, hapo ndipo muwe macho

Mkuu, umeuliza mfanye nini mdogo wenu akitoka rumande wiki ijayo, kwa kuwa aliingia akiwa teja wa unga, yaani heroini, na sasa mnaambiwa amenawiri, kaacha. Nakujibu kama mtu aliyemzika kaka yake hapa Temeke. Kaka hakufa enzi zile anabwia kila siku. Amekufa katoka soba, nyumba ya kuachia unga, kanenepa, mama anamsifia kwa majirani.

Kilichomuua ni kiasi kilekile alichokizoea zamani. Mwili ukikaa bila unga unapoteza ule uzoefu, na kete zilizokuwa zinamtoa arosto tu, yale mateso ya kukosa unga, sasa zinazima pumzi. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wiki 2 za kwanza baada ya kutoka gerezani ndizo za hatari kuliko zote. Mwambie hivyo waziwazi kabla washikaji wa maskani hawajamfikia. Wazee watasema unamkumbusha unga. Waache waseme.

Halafu mpeleke akaonane na watu wa methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa mateja kliniki badala ya unga. Muhimbili walianza mwaka 2011, baadaye Mwananyamala na hapa Temeke, na ni bure. Aeleze ukweli kwamba amekaa muda bila kutumia, maana dozi wanapanga kulingana na hali yake, na asichanganye na pombe wala vidonge vya kutuliza kama valiamu, mchanganyiko huo nao unaua. Kuna wanaosema methadoni ni ulevi mwingine tu. Mimi nina majirani wanaokunywa dozi asubuhi kisha wanaenda kibaruani, kwa hiyo ubishi huo siuingii.

Sasa dalili. Waliokuwa na kaka walimsikia anakoroma, wakajua kalala, stimu zimekolea. Koromo lile ni la mtu anayekosa hewa. Pumzi zinakuwa chache, midomo na kucha zinabadilika rangi, mboni za macho zinasinyaa, na hata ukimsugua katikati ya kifua kwa ngumi haamki. Msimwagie maji, msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi. Atapaliwa bure na muda unakwenda. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde 5, huku mwingine anatafuta bajaji. Akianza kuhema mwenyewe, mlaze ubavu.

Hospitali kuna dawa inaitwa naloksoni, inayoondoa nguvu ya unga kwa muda mfupi. Kwa muda mfupi, narudia, maana inaweza kuisha mwilini unga ukiwa bado upo, na mtu akazima tena. Akizinduka asiruhusiwe kuondoka haraka, hata akigomba, na atagomba kweli, kwa sababu inamrudishia arosto palepale. Waulize pia wa kliniki ya methadoni kama familia inaweza kupewa naloksoni ya kukaa nayo nyumbani.

Nyumbani, ng'oeni komeo la ndani la choo na la chumba chake. Anayejificha kutumia anajifungia, na mlango wa kuvunja unakula dakika ambazo hana.

La mwisho ni wale washikaji. Wa kaka walikimbia kwa kuogopa polisi. Usiwafukuze kwa matusi, maana ndio watakaokuwa naye akiteleza. Wafuate, wape namba yako, waambie wakipiga hakuna atakayeulizwa kitu. Huku kwetu nimefanya hivyo na wameshanipigia usiku wa manane, tukawahi.

Akishatoka, ukikwama popote, njoo PM.