Mwenye mwili ndiye atie sahihi

Ukimsindikiza mgonjwa hospitalini, hasa mama wa makamo, utashangaa daktari anavyozungumza na wewe badala yake. Shangazi yangu alipolazwa kwa uvimbe wa kizazi, yaani fibroidi, niliitwa pembeni nikaelezwa kila kitu, naye amekaa kitandani, akili zake timamu, anatutazama. Jioni sista akaja na fomu: "Nani atamtilia sahihi?" Nikamwambia mwenyewe yupo.

Hapa Kenya hilo si hisani. Sheria ya Afya ya 2017, vifungu vya 8 na 9, inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu, faida, hatari, gharama, na kwamba anaweza kukataa. Tena kwa lugha anayoielewa. Jamaa huingia pale mgonjwa mwenyewe hawezi. Dharura ina utaratibu wake.

Basi ombeni fomu mapema, msingoje mgonjwa awe ameshalazwa kwenye machela. Ya shangazi ilikuwa ya Kiingereza, na chini kabisa palikuwa na mstari wa kumruhusu daktari kufanya lolote jingine atakaloona ni la lazima. Hapo ndipo pa kung'ang'ania. Shangazi akauliza: "Mwatoa uvimbe tu, ama na kizazi chote? Na ovari je?"

La ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, si swali dogo. Zikitolewa zote mbili kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, dalili za kukoma hedhi humvamia ghafla: joto, jasho la usiku, usingizi kupotea. Na kwa kuwa fibroidi kwa kawaida si saratani, na nyingi husinyaa hedhi ikishakoma, "tukingoja itakuwaje?" nalo ni swali halali. Daktari wetu alivuta kiti akamchorea kwenye karatasi. Wengine hununa. Akinuna, uliza tena kwa upole, au tafuteni daktari wa pili.

Anayedhani mambo haya ni maringo ya wasomi akumbuke kesi ya Desemba 2022, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipompa haki mwanamke mwenye VVU aliyefungwa mirija ya uzazi bila ridhaa ya kweli.

Watoto wa shangazi walitaka kizazi kitolewe, yaishe. Yeye akachagua uvimbe peke yake, wakanyamaza.

Jambo la mwisho: sahihi haikufungi. Ukibadili nia hata asubuhi ya upasuaji, mwambie sista kabla hujapewa dawa ya usingizi.