Maswali na Majibu: Lenzi, Mvua na Vumbi

Muuzaji alinihakikishia lenzi yangu imezibwa dhidi ya mvua. Naweza kusimama nayo kwenye manyunyu ya maporomoko ya Murchison? (Masindi)

Unaweza, kwa dakika chache, ikiwa kamera nayo imezibwa. Lenzi nzuri ikivishwa kamera isiyo na mipira ya kuziba, maji yatapitia vitufe na kifuniko cha betri, na fedha uliyoongeza kwa ajili ya lenzi itakuwa imekwenda bure.

Soma pia maandishi ya mtengenezaji. Karibu wote husema lenzi "inastahimili" vumbi na unyevu. Ni wachache wanaotoa kipimo. OM System ni mmojawapo: lenzi yake ya 12-40mm f/2.8 PRO II ikiwa kwenye kamera ya OM-1 ina kiwango cha IP53, yaani kipimo cha kinga dhidi ya vumbi na maji. Ile 5 maana yake vumbi kidogo laweza kupenya lakini si kiasi cha kuharibu kazi. Ile 3 ni maji yanayonyunyiziwa kutoka juu, hadi nyuzi 60 kutoka wima. Sasa pale juu ya maporomoko, Nile inabanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi na manyunyu yanakujia kutoka chini na ubavuni. Kipimo hicho hakikupimwa kwa upande huo. Vaa kamera koti la mvua, au hata kaveera (mfuko wa plastiki) lililotobolewa mbele na kufungwa kwa mpira kwenye hudi ya lenzi.

Nitajuaje kama lenzi imezibwa kweli? (Gulu)

Ivue, ugeuze juu kitako chake, yaani sehemu inayoshika kwenye kamera. Ukiona pete nyembamba ya mpira ikichungulia kuzunguka ukingo wa kitako, hapo pamezibwa. Usipoiona, usibishane na muuzaji, rudisha.

Pete hiyo inakuhakikishia nyuma tu. Sigma 150-600mm ya daraja la Contemporary ina kinga kwenye kitako, ilhali ndugu yake ya Sports imezibwa mwili mzima. Canon 17-40mm f/4L nayo kinga yake haikamiliki hadi ufunge filta ya milimita 77 mbele, kwa sababu kioo chake cha kwanza husogea ndani ya fremu. Ukiweka adapta isiyo na mpira kati ya lenzi na kamera, kinga yote imekwisha.

Kitako cha plastiki ni dalili ya lenzi mbovu? (Mbale)

Hapana. Kwa lenzi nyepesi kama 18-55mm kinatosha kabisa, na ganda la plastiki ngumu mara nyingi hustahimili kugongwa kuliko chuma, ambacho hubonyea kikabaki hivyo. Kinachoua lenzi nyingi ni mtikisiko wa boda boda: skrubu za kitako hulegea, lenzi ikaanza kucheza na picha zikawa kali upande mmoja tu. Zikazwe mapema, lakini si kwa bisibisi yoyote ya nyota. Skrubu nyingi za Kijapani ni za kiwango cha JIS, na bisibisi ya kawaida huchubua vichwa vyake.

Nikirudi kutoka mbuga ya Kidepo pete ya zumu inakwaruza. Kwa nini? (Moroto)

Lenzi inayorefuka ukivuta zumu huongeza nafasi ndani, basi hunyonya hewa, ukiifupisha, huitema. Vumbi lililokaa juu ya bomba la ndani huburutwa hadi kwenye mpira wa kuziba na kuusaga. Kabla ya kuifupisha, pulizia bomba kwa pampu ya mkono, kisha pitisha brashi laini. Usipulize kwa mdomo, utaacha mate. Kompresa ya gereji ndiyo mbaya zaidi: nguvu yake husukuma vumbi kuvuka mipira yenyewe. Ukibadilisha lenzi porini, fanya hivyo ndani ya gari, vioo vimefungwa, feni imezimwa, kamera ikitazama chini.

Chembe mbili tatu zilizoonekana ndani ya vioo ziache. Hazionekani kwenye picha.

Lenzi yangu ina nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani, na sijawahi kuilowesha. (Kalangala)

Hiyo ni fangasi, na kwa watu wa visiwani na Entebbe ndiyo adui mkubwa kuliko mvua. Haihitaji maji. Hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi, giza na utulivu vinaitosha, na begi la kamera lenye sponji huipa vyote vitatu. Kuziba lenzi hakusaidii, maana unyevu ulioingia hutoka polepole.

Nunua kasha la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, kipima unyevu kidogo cha dijitali, na gramu 100 hivi za silika jeli (punje zinazonyonya unyevu) kwa kasha la lita 10. Lenga asilimia 40 hadi 50; ukishuka chini ya 30 mipira na grisi vinaanza kukauka. Chagua silika ya rangi ya chungwa badala ya bluu, ambayo rangi yake hutokana na kobalti, nayo ni sumu. Ikigeuka kijani imeshiba: ioke kwa nyuzi 120 kwa saa mbili. Mchele hapana, unga wake huishia kwenye lenzi.

Na hiyo iliyoota tayari? Ipeleke kwa fundi mapema, ikiwa bado changa. Fangasi hutoa asidi inayokula rangi ya kinga ya kioo, na alama hiyo haitoki hata kioo kikisafishwa. Jua huizuia kuendelea, haliifuti. Isubiri fundi ikiwa kwenye mfuko wake peke yake, mbali na lenzi zako nyingine.

Mvua imeingia, kioo kimejaa mvuke ndani. Niiwashe niione? (Jinja)

Usiwashe. Toa betri, vua lenzi, usizungushe zumu wala fokasi. Futa nje, iweke ndani ya kasha la silika kwa siku mbili. Mvuke ukirudi baadaye, maji yamenaswa ndani na lazima ifunguliwe. Garanti nyingi hazihusishi maji, hata kwa lenzi iliyouzwa kuwa imezibwa.