Maswali ya Wazazi: Skuli za Kanisa, Ada na Sala ya Asubuhi

Barua za safari hii zote zinahusu skuli binafsi za Kikristo, Unguja na Pemba. Waandishi wengi ni Waislamu, wachache ni Wakristo, na wanayoyaeleza hayafanani hata pale wanapoizungumzia skuli moja. Majina ya skuli nimeyaficha.

Maalim, skuli za kanisa ni nzuri au si nzuri? Nataka kumpeleka mwanangu Januari. (Mzazi, Mwanakwerekwe)

Nimeshaomba mara nyingi nisiletewe swali la namna hii. Skuli za kanisa si kitu kimoja. Iko ya dayosisi, iko ya masista, na iko ya mtu na mkewe waliokodi nyumba wakaandika jina la mtakatifu kwenye ubao wa nje, na hakuna kanisa lolote linalowasimamia. Anza kwa kuuliza mmiliki ni nani, kisha uombe kuoneshwa cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Halafu nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi, usingoje siku ya mahafali. Simama mlangoni mwa darasa la kwanza, hesabu watoto, omba daftari moja utizame lilisahihishwa lini mara ya mwisho. Ukishafanya hivyo niandikie, nitakujibu kwa urefu.

Mwanangu yuko darasa la pili. Juzi tukiwa mezani alifumba mikono akasoma "Baba yetu uliye mbinguni" mpaka mwisho. Baba yake anataka kumtoa kesho. Jirani yangu ana mtoto skuli hiyo hiyo, anasema wake hajawahi kusalishwa. Nani mkweli? (Mama, Fuoni)

Nyote wawili. Skuli nyingi za aina hii zina sala ya pamoja uwanjani asubuhi, na hiyo mkuu anaijua na ana jibu lake. Lakini iko na ile ya darasani kabla ya chakula, na hapo kila mwalimu ana lake. Mmoja huwaambia watoto wa Kiislamu wapige bismillahi yao. Wa chumba cha pili huwasalisha wote sala moja kwa sababu hakuna mzazi aliyemwambia vyengine. Ndiyo maana wazazi wawili wa skuli moja huja kwangu na habari mbili zinazopingana, na kila mmoja akaapa.

Usimtoe kesho, na tafadhali asigombezwe mtoto. Amekariri kama anavyokariri jedwali la mara mbili. Kifungu cha 19 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinampa kila mtu uhuru wa dini, na mkuu wa skuli anakijua. Mwandikie barua, na nakala ubaki nayo: "Mwanangu wa darasa la pili ni Muislamu. Naomba asishiriki sala ya Kikristo wala kipindi cha Biblia. Naomba pia kujua wakati huo atakuwa wapi, na nani, na anafanya nini."

Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Nilipokuwa nikisomesha niliwahi kutembelea skuli moja nikamkuta mtoto wa miaka minane barazani peke yake, mkoba juu ya magoti, wenzake wanaimba ndani. Mama yake aliomba asiingizwe kwenye sala, nao wakamtoa nje, basi. Nilipomuuliza amefanya kosa gani, alinijibu kwa sauti ndogo: "Mimi Muislamu." Ukiomba mtoto asishiriki, dai apewe kitabu na mtu mzima wa kuwa naye.

Na nikwambie jengine ambalo hukuniuliza. Kinachonitia khofu zaidi ya sala ile ni saa. Wako bibi zetu wa Kiislamu waliosoma kwa masista pale Konventi, skuli iliyokuja kuwa Tumekuja, na jioni wakakaa mkekani chuoni, wakisoma Kurani, kama watoto wengine wa mtaa. Leo mtoto anatoka skuli saa tisa unusu, gari ya skuli inamzungusha mitaa yote, anafika nyumbani saa kumi na moja hoi, na chuo kimeshampita. Kama baba yake ana uchungu na dini ya mwanawe, aanze kwa kuuliza juzuu amefika wapi.

Ataruhusiwa kuvaa ushungi? (Mama, Chake Chake)

Uliza kabla hujanunua sare, na jibu wakupe kwa maandishi.

Niliambiwa ada ni laki sita kwa muhula. Sasa naletewa mchango wa mitihani, wa kompyuta, wa mahafali, na fulana ya michezo. Kanisa linatuibia? (Baba, Tomondo)

Fomu ya kujiunga uliisoma kabla ya kuitia saini? Nimewauliza hivi wazazi wengi, na wengi hunyamaza. Michango hiyo mara nyingi imo ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo. Kama imo, umeikubali. Kama haimo, una haki ya kuuliza nani aliipitisha na kikao gani cha wazazi kilikubali. Wala usilitaje kanisa, kwani skuli binafsi za Kiislamu na zisizo za dini yoyote zinafanya haya haya.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka mmoja binti yangu alizuiwa mlangoni asubuhi ya mtihani, kwenye skuli ambayo sitaitaja, kwa madai kwamba hatujalipa. Risiti ilikuwa nyumbani, imekunjwa ndani ya pochi ya mama yake. Mhasibu alikuwa ameyaandika malipo yetu kwa jina la mtoto mwengine. Nilikwenda mbio na ile karatasi mkononi, wakatuomba radhi, naye akaingia nusu saa baada ya wenzake, macho mekundu, kalamu inamtetemeka. Alama za mtihani ule ninazo mpaka leo. Lipa benki, andika jina kamili la mtoto na darasa lake, na nakala ya risiti mtoto awe nayo mkobani siku za mitihani.

Mimi ni Mkristo. Nimempeleka mwanangu skuli ya kanisa alelewe kidini. Nimekuta nusu ya darasa ni Waislamu, Biblia ni kipindi kimoja kwa wiki, na mwalimu anayewachapa ndiye anayeongoza sala. Nimedanganywa? (Baba, Welezo)

Kwa mawili ya mwanzo, hujadanganywa. Uko Zanzibar, na skuli isiyopokea watoto wa Kiislamu hapa haiwezi kujaza hata madarasa mawili. Kipindi kimoja cha Biblia hakimlei mtoto. Imani ataipata kwako nyumbani na Jumapili kanisani.

La tatu ndilo lililonifanya niichague barua yako. Kanisa kuu la Mkunazini lilianza kujengwa 1873 pale pale palipokuwa soko la watumwa. Skuli za misheni za Kiungani na Mbweni zililea watoto waliokombolewa kutoka majahazini. Skuli inayojivunia historia hiyo mbele ya wageni, kisha mwalimu wake akamshika mtoto mkono akamchapa mpaka akavimba, ina deni kubwa la kujibu. Sheria ya Watoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inakataza mtoto kuteswa na kudhalilishwa. Andika tarehe, piga picha alama, peleka malalamiko kwa mkuu na nakala kwa mmiliki. Akiumizwa, mpeleke Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa, Hospitali ya Mnazi Mmoja. Na wazazi wanaowaambia walimu "mchapeni tu, mimi nataka mifupa," nawaomba waache. Nimezika wanafunzi, najua uzito wa neno hilo.

Mwanangu wa nasari anazungumza Kiingereza kitupu, hata bibi yake hamuelewi. Si ndiyo maendeleo? (Mzazi, Kiembesamaki)

Si maendeleo. Mpe hadithi ya ukurasa mmoja ya Kiingereza aisome, kisha akuhadithie kwa Kiswahili. Akishindwa, alichonacho ni matamshi tu. Sera ya elimu ya 2006 iliweka hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano hata skuli za Serikali, kwa hiyo Kiingereza atakutana nacho popote. Lakini bibi yake hana mwengine wa kuzungumza naye. Na kama ada inakutoa roho, skuli ya Serikali ya mtaani kwako iko palepale tangu Mzee Karume alipotangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964. Hakuna aibu kumrudisha huko, mradi uende kuyatizama madaftari.

Ramadhani kantini inabaki wazi na mwanangu wa miaka saba anataka kufunga. (Mama, Bububu)

Mwambie mwalimu wa darasa, na mwache ajaribu mpaka adhuhuri.

Binti yangu yuko kidato cha pili Unguja, anakaa dakhalia ya skuli ya kanisa. Kila akipiga simu analia, anataka kurudi Wete, lakini hasemi kwa nini. Mtihani wa Baraza la Mitihani umekaribia. Tumhamishe sasa au tungoje? (Baba)

Hilo halijibiki kwa simu. Aende mama yake, wewe baki. Amuombee ruhusa ya siku nzima, wakae mbali na skuli, wale, asimuulize chochote saa ya kwanza. Ikiwa ni upweke, chakula, au marafiki waliogombana, mtieni moyo amalize mtihani, kisha mhamisheni likizo kwa utaratibu. Ikiwa yuko mtu mzima pale skuli anayemuogopa, wa dini yoyote na wa cheo chochote, asirudi kulala hata usiku mmoja. Arudi na mama yake kwa boti ya kwanza, madaftari yake na cheti cha kuzaliwa viwe mkobani. Barua ya uhamisho utaifuata wewe baadaye, na mtihani usiwe sababu ya kungoja.