Jibu: Programu ya COBOL inapita kwenye majaribio, inaanguka usiku na S0C7

Waalaykum salaam kaka. Umeuliza kifaa gani kitakamata sehemu za memori zilizotumika kabla ya kupewa thamani, kwa kuwa programu yako ya COBOL (lugha ya programu za biashara) inapita mchana kisha inaanguka usiku kwenye kazi halisi na kosa la S0C7, yaani hesabu imekuta data isiyo namba halali ya desimali.

Anza na kompaila, yaani kifaa kinachogeuza msimbo uwe lugha ya mashine. COBOL ya IBM toleo la 6 ina chaguo la INITCHECK. Itakuonya sehemu ya WORKING-STORAGE (eneo la data za programu) inaposomwa kabla ya kujazwa. Ni rahisi, ila haioni kila njia.

Kinachofichua hasa ni chaguo la STORAGE la Language Environment, mazingira ya IBM yanayoendesha programu. Kwenye majaribio weka STORAGE(AA,BB,CC), memori ijazwe takataka za makusudi; AA, BB na CC ni thamani za heksadesimali, namba za msingi wa 16. Sehemu ya COMP-3 (namba za desimali zilizofungashwa) haikubali tarakimu A, kwa hiyo hesabu ya kwanza tu itakupa S0C7, mchana, nawe upo macho. Tahadhari na COMP (namba za binary): hiyo hupokea biti zozote, hivyo haianguki. Ukiona -1431655766 kwenye ripoti, hiyo ndiyo AA mara nne (AAAAAAAA) ikisomwa kama namba.

Nakusihi usikimbilie STORAGE(00), inayojaza sifuri badala ya takataka, ili mambo yatulie. Niliwahi kufanya hivyo kwenye programu ya mishahara hapa Unguja. Jumla zikatoka na makosa kimyakimya, na wenye kuumia wakawa wafanyakazi.

Kama baadhi ya msimbo ni wa lugha ya C na unajengeka kwenye Linux ya s390x (ile ya mashine kubwa za IBM), upitishe kwenye Valgrind, kifaa cha kukagua matumizi ya memori, na --track-origins=yes. Itakuonyesha takataka ilikozaliwa.

Tuletee mstari ulioangukia na tamko la sehemu yenyewe, tuangalie pamoja.