Kuongea Kiingereza kwa njia ya mradi: tafuta msikilizaji kwanza

Mwalimu umeuliza kama miradi itawafungua mdomo vijana wako wa kidato cha pili, sabini na kitu darasani, wanaofanya vizuri mazoezi ya sarufi lakini ukiwasemesha wanatazama chini. Itawafungua, ila si mradi wa manila, yaani wa kuandika karatasi kubwa ya kubandika ukutani. Huo tunaujua wote: kundi linajadiliana kwa Kiswahili, mwenye mwandiko mzuri anaandika, mwenye kujiamini anasoma mbele, waliobaki wanapiga makofi. Manila inabandikwa ukutani na hakuna aliyeongea.

Mimi nafundisha Bagamoyo. Huku tulianza kwa kujiuliza nani atasikiliza. Darasani wote wanajua Kiswahili, kwa hiyo kumwambia Asha amweleze Juma kwa Kiingereza jambo ambalo Juma analijua ni maigizo tu. Bahati nzuri mji una wageni wanaokuja kuona Ngome Kongwe, magofu ya Kaole na misheni ya Roho Mtakatifu iliyoanza mwaka 1868. Mradi wa muhula ukawa huo: kila kundi lina kituo chake, na siku ya mwisho linamtembeza mgeni asiyejua Kiswahili. Wageni tuliwaomba miongoni mwa vijana wa nje wanaokuja kujitolea hapa mjini, hawakatai.

Habari waache wakusanye kwa Kiswahili, tena bila aibu. Wanaongea na wazee na wavuvi. Ukilazimisha Kiingereza hapo utavuna ukimya. Kiingereza kinaanza siku ya kugawana: kila kijana anabaki na kipande chake cha habari ambacho wenzake hawana, na kwenye karatasi anaruhusiwa maneno matano tu, sentensi hapana. Halafu wapange mistari miwili wakitazamana. Mmoja anaeleza kwa dakika tatu, mstari unasogea hatua moja, anamweleza mwingine yaleyale kwa dakika mbili, kisha moja na nusu. Mara ya tatu utashangaa ulimi ulivyolegea. Kelele zitakuwepo, mwalimu wa darasa la jirani umtaarifu mapema.

Kitu cha lazima ni mgeni kuuliza maswali. Kundi la misheni lilikuwa na habari ya mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uingereza, uliobebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi ukafika Bagamoyo Februari 1874. Kijana mmoja ambaye darasani hanyooshi kidole kabisa akasema, "They put salt." Mgeni akauliza chumvi ya nini. Kimya. Wenzake wakaanza kumnong'oneza, nikawazuia kwa mkono. Akaangalia upande wa pwani, akasema, "You know fish? We cut, salt, sun. Many days, not bad. Same." Mgeni akacheka, akauliza samaki gani, na maongezi yakahamia kwenye ng'onda, samaki wa kukaushwa, mada ambayo hakuna aliyeifanyia mazoezi. Sarufi mbovu, sawa. Nilimpa alama za juu kuliko aliyekariri aya nzima.

Ndivyo ninavyosahihisha: alama nyingi ziko kwenye swali lisilotarajiwa, na anayejibu namchagua mimi, kwa kawaida yule aliyejificha nyuma. Kundi likijua hilo, lenyewe linamfundisha. Simkatizi mtu anapoongea. Makosa nayaandika pembeni, kipindi kinachofuata tunashughulikia mawili au matatu yaliyojirudia.

Kama kwenu hakuna watalii, tafuta mwalimu Zambia au Malawi. Wanafunzi wengi wa huko hawajui Kiswahili na wanasoma kwa Kiingereza kama wetu. Rekodi sauti za vijana wako kwa simu yako, maana wao simu shuleni hawaruhusiwi, zitume WhatsApp, na wenzao warudishe maswali. Ngoja ngoja ya majibu nayo inawachangamsha.

Mkuu wa shule atakuuliza habari ya mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na ana hoja, kwa sababu mtihani wa Kiingereza ni wa kuandika. Baada ya ziara mimi huwapa kazi mbili: barua ya shukrani kwa mgeni na masimulizi ya siku ile. Barua na insha ziko kwenye muhtasari, hivyo vipindi havipotei. Mradi mmoja kwa muhula unatosha. Ukiweka miwili mada hazitaisha.